Mita Arobaini na Nane

Mkaguzi alikuwa amekisoma kitabu cha redio mara nne, na mara zote nne kilisema jambo lile lile.

Saa tatu na dakika kumi, simu ya Mpimaji wa Ardhi. Droni moja, kusini mwa kiwanja, uwanja wa mpira, haitazidi mita hamsini, mpaka saa tano. Saa nne kasoro dakika tano, ndege ya chanjo inaingia kutoka kusini. Rubani ameambiwa kuhusu droni. Rubani amejibu: nimesikia.

Baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja uliopinda, kama mwandishi alishtushwa na kitu kalamu ikiwa bado karatasini.

"Ukikisoma mara ya tano kitabadilika?" aliuliza Mzee wa Redio.

"Nasubiri kichoke kabla yangu."

"Hicho hakichoki, mama. Kina miaka mitatu na hakijawahi kuomba likizo."

Mkaguzi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umechoka. Ilikuwa siku ya tisa tangu ajali, na tangu siku ya kwanza alikuwa akilala nyumba ya wageni yenye kitanda kilichobonyea katikati. Chumba cha redio kilikuwa kidogo kuliko bafu la nyumba ile: meza, redio, simu, dirisha, na kiti cha pili ambacho kilibidi kitolewe nje mlango ukitaka kufungwa. Hapakuwa na mnara wa kuongozea ndege. Marubani walisema wenyewe redioni waliko na waendako, na Mzee wa Redio aliwaambia upepo unavyokwenda na nani mwingine yuko karibu. Kazi yake iliishia hapo, na aliifanya vizuri.

"Rubani ulimwambia kwa maneno gani hasa?"

"Hayo hayo. Droni iko kusini, uwanja wa mpira, chini ya mita hamsini."

"Akarudia?"

"Akasema amesikia. Kapteni si mtu wa maneno mengi. Maneno aliyaacha kwenye pamba." Mzee wa Redio akacheka, kisha akakumbuka mtu anayeongea naye, akajikohoza. "Namaanisha zamani, mama. Alipokuwa akinyunyizia dawa mashamba ya pamba. Walikuwa wakiruka chini, majani yanabaki kwenye magurudumu. Ndiyo maana watu wakamwita Kata-Majani."

"Jina hilo limeshafika ofisini kwetu."

"Basi limeruka mbali kuliko yeye."

Mkaguzi alitoka nje na mkoba wake. Pembeni mwa njia ya kurukia aliinama, magoti yakalia, akatoa kipima kimo kidogo cha mkononi, akakiweka juu ya lami na kukirudisha sifuri. Alifanya hivyo katika kila kiwanja alichokagua, hata pale ambapo hakuhitaji kupima chochote. Kisha simu yake ikaita.

"Nimeisoma taarifa yako ya jana," alisema Bosi. "Ndefu. Haina mwisho."

"Sijafika mwisho."

"Tuhesabu pamoja. Tunayo video ya skrini ya rimoti. Inaonyesha droni ikiwa mita arobaini na nane wakati inagongwa. Sawa?"

"Sawa."

"Ndege iliigonga. Kwa hiyo ndege nayo ilikuwa mita arobaini na nane. Hiyo ni futi mia moja hamsini na saba. Pale alipaswa awe na futi mia tatu na hamsini. Alishuka mno, kama kawaida yake. Fumbo liko wapi hapo?"

"Kipimo chake kwenye ndege kilikuwa kimewekwa sawasawa. Nimekilinganisha na kitabu cha redio."

"Kuwekwa sawa ni jambo moja, kukitazama ni jambo lingine. Kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi kuamua leseni yake. Nataka ripoti mezani kwangu leo kabla ofisi haijafungwa. Na wewe uje ukalale kwako."

Hilo la mwisho alilisema kwa upole, na ndilo lililomuuma zaidi.

Kapteni alikuwa ameketi juu ya kreti kando ya banda la ndege, mbele ya ndege yake. Alikuja kila siku ingawa hakuruhusiwa kuigusa. Kioo cha mbele cha upande wa kulia kilikuwa na tundu kubwa kama sahani, na kuzunguka tundu kulikuwa na nyufa zilizofika mpaka kwenye fremu. Upande huo ndiko alikokuwa ameketi Nesi, na masanduku ya chanjo yalikuwa nyuma yake. Chanjo zilifika salama. Jicho la kulia la Nesi halikupona.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu." Mkaguzi alikuwa na miaka hamsini na mbili, lakini kwa Kapteni kila aliyezaliwa baada yake alikuwa mtoto. "Umekuja kuniuliza yale yale?"

"Nimekuja kukuuliza yale yale."

"Futi mia tatu na hamsini. Hata ukiniuliza usingizini."

"Droni uliiona?"

"Niliona doa. Doa jeusi. Halafu lile doa likawa kioo."

"Ulijua ipo. Ulikuwa ukiitafuta?"

"Nilikuwa nikiitafuta, ndiyo." Alinyoosha kiganja kikielekea ardhini. "Niliambiwa iko chini, nikatafuta chini. Nilimwambia na Nesi anisaidie. Alikuwa ameinama upande wa dirisha lake anatazama mashamba, ananiambia, Kapteni, mimi sioni kitu, labda imekwenda kula. Akainua uso anicheke." Akakishusha kiganja. "Alipoinua uso ndipo."

Mkaguzi hakuandika hilo. Akageuza ukurasa, akauliza, "Yule mfuga kuku aliyekuwa akilalamikia kelele za ndege, mlikuwa na ugomvi?"

"Yule? Alisema atatushusha kwa manati. Tangu alipopata majogoo mia mbili, kelele zake zimezidi zetu."

Mfuga kuku alikuwa amekwishaulizwa siku ya tatu. Saa ya ajali alikuwa sokoni mbele ya watu thelathini, akigombana.

"Kapteni, kesho watakuuliza kama ulishuka mno."

"Wataniuliza kwa sababu ya jina." Alitazama mikono yake. "Leseni ikichukuliwa katika umri wangu, mwanangu, hairudi. Hiyo naweza kuibeba. Lakini wakisema nilishuka mno, basi jicho la yule binti nimelitoa mimi. Niambie ukweli. Nimelitoa mimi?"

"Bado sijui," alisema Mkaguzi, na ulikuwa ukweli.

*

Nyumba ya Mpimaji ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, na yote ilinuka mafuta ya cherehani. Dada yake alikuwa fundi wa nguo. Vipande vya sare za shule vilijaa kila mahali, hata juu ya sanduku la droni ambalo sasa lilikuwa tupu. Ukutani, juu ya meza ya Mpimaji, kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: PIGA SIMU KIWANJA. TAZAMA UPEPO. TAZAMA BETRI. MWANGALIZI AWEPO. USIIPOTEZE MACHONI. USIPITE MITA HAMSINI. UKISIKIA NDEGE, SHUSHA.

Ilikuwa mara ya tatu Mkaguzi kuisoma karatasi hiyo. Mtu aliyeandika vile, alifikiri, si mtu wa kurusha ovyo. Hilo ndilo lililoifanya kazi kuwa ngumu. Kwa wazembe, upelelezi huisha mapema.

"Karibu, mama," alisema Dada, akiondoa mashati mawili kwenye kiti. "Usikalie sindano tu. Jana jirani aliikalia, akaruka juu kuliko..." Akaliacha neno hilo hewani, uso ukamwiva kwa aibu.

"Tuanze mwanzo," alisema Mkaguzi. "Ulikuwa unapiga picha za nini?"

"Za nyumba za upande wa kusini," alijibu Mpimaji. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka kama ishirini na minane, na alijibu kila swali akiwa wima kama yuko mbele ya darasa. "Kwa ajili ya mradi wa mabomba ya maji. Wanataka kujua bomba lipite wapi bila kubomoa ukuta wa mtu."

"Ulirushia wapi?"

"Uwanja wa mpira. Kibali kinasema hapo."

"Sehemu gani ya uwanja?"

"Golini. Goli la upande wa barabara."

"Video yako haionyeshi mahali. Ramani ya pembeni umeizima."

"Huwa naizima, inaziba picha. Rekodi ya safari ilikuwa ndani ya droni yenyewe." Akatazama sanduku tupu. "Vipande mlivyookota vinaenea kwenye soksi."

"Ndege ilipokuja?"

"Dada alipiga filimbi. Yeye ndiye mwangalizi wangu. Mimi natazama droni, yeye anatazama anga."

"Ukafanya nini?"

"Nilitazama skrini. Mita arobaini na nane. Nikasema tuko chini, itapita juu."

"Karatasi yako inasema ushushe."

"Najua inavyosema."

"Kwa nini hukushusha?"

"Kwa sababu ile namba ilikuwa nzuri," alisema Mpimaji polepole. "Skrini ilikuwa ya kijani, mama. Kiwanja kilijua. Rubani alijua. Kila mtu alijua tuko chini ya hamsini. Ni yeye tu..."

"Yeye tu nini?"

"Ni yeye aliyeshuka."

Aliongea bila jazba, kama mtu anayesoma kipimo. Mkaguzi akamgeukia Dada, ambaye alikuwa ameshika kipande cha kola na kukikunjakunja.

"Na wewe, fundi? Baada ya mlio ulifanya nini?"

"Mimi? Nilidhani wamekufa wote." Macho yake yakajaa hapo hapo. "Ile ndege iliyumba, ikaenda hivi, bawa moja chini. Nikawa nasema, Mungu wangu, ifike, ifike. Ikatua. Ikapinda kushoto, ikasimama kwenye majani. Halafu yule baba mwenye fulana ya njano akakimbia na mtungi wa kuzimia moto, na nikamwona rubani akimshusha yule dada akiwa amejifunika uso kwa shuka. Nilipoona anatembea mwenyewe, ndipo nikavuta pumzi. Mpaka pale sikuwa..."

"Dada," alisema Mpimaji. "Mletee mama chai."

"Chai ipo mezani," alisema Dada kwa mshangao. Ilikuwepo kweli, na ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mkaguzi aliinywa yote, kwa sababu ilikuwa nzuri na kwa sababu alihitaji muda wa kuangalia uso wa kijana. Kisha akaomba kuona mkeka wa kurushia droni. Ulikuwa wa turubai, rangi ya machungwa, mraba wa kama hatua moja, na kila pembe ilikuwa na alama ya kukandamizwa na kitu kizito. Alishukuru, akaondoka.

*

Uwanja wa mpira ulikuwa mtupu saa hiyo. Mkaguzi alikwenda kusimama golini, goli la upande wa barabara, akageuka kuelekea kiwanja cha ndege.

Hakukiona.

Mbele yake kulikuwa na safu ya mikaratusi, mirefu, iliyopandwa karibu karibu na mtu aliyetaka kivuli au aliyetaka faragha. Alisogea hatua kumi kulia. Mikaratusi. Alikwenda mpaka kona ya uwanja, ile inayopigiwa kona, akasimama kwa vidole vya miguu kama mtoto dirishani. Aliona miti, na juu ya miti aliona anga. Ndege ikipita pale angeiona. Ndege ikitua asingeiona hata kidogo, wala majani ilikosimama, wala fulana ya njano, wala Nesi akitembea na shuka usoni.

Aliketi kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja na kutoa kijiwe.

Dada hakuwa mwongo. Machozi yale hayakuwa ya kusimuliwa na mtu. Aliona kwa macho yake. Kwa hiyo hakuwa hapa. Na kama mwangalizi hakuwa hapa, basi mrushaji naye hakuwa hapa, maana filimbi yake aliisikia. Kijana wa karatasi ile ukutani amedanganya kuhusu jambo moja dogo, na amelidanganya mara tatu bila kubadili neno. Lakini kwa nini adanganye? Mahali hapabadilishi namba. Video ni ile ile. Mita arobaini na nane ni mita arobaini na nane.

Alikaa na kiatu mkononi akiutazama upande wa mashariki. Mita mia nne kutoka hapo kulikuwa na kilima chenye tangi la maji kileleni. Kutoka kileleni mtu angeona juu ya mikaratusi. Angeiona droni yake popote iendapo. Angeona kila kitu.

"Usiipoteze machoni," alisema Mkaguzi kwa sauti, peke yake. Kisha akavaa kiatu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

Njia ya kupanda ilikuwa ya kokoto zinazoteleza. Alipumzika mara tatu, na mara ya tatu alijiuliza waziwazi kama kuna umri ambao serikali inapaswa kuwakataza watu kupanda vilima. Kileleni palikuwa na upepo. Nyuma ya tangi, upande wa kiwanja, aliona mawe manne.

Yalikuwa yamepangwa mraba. Hatua moja kwa hatua moja. Nyasi za katikati zilikuwa zimelala, rangi yake imepauka kidogo kuliko za kando.

Alipiga picha mawe hayo kutoka pande zote nne, akaweka rula kando yake, akapiga tena. Kisha akainuka na kutazama. Kiwanja kizima kilikuwa chini yake: lami, banda, chumba cha redio chenye kiti kilichotolewa nje, ndege ya Kapteni, na mtu mdogo sana aliyeketi kando yake juu ya kreti.

Kiwanja kilikuwa *chini yake*.

Mkaguzi aliingiza mkono mkobani taratibu. Kipima kimo, alichokirudisha sifuri asubuhi juu ya lami ile ile, kilisoma hamsini na nane.

Akatoa daftari. Hamsini na nane, jumlisha arobaini na nane. Mia moja na sita. Akazigeuza mita kuwa futi. Mia tatu arobaini na nane, kasoro kidogo. Alifanya hesabu upya kwenye ukurasa mwingine, akiufunika wa kwanza kwa mkono, kwa sababu hesabu rahisi ndizo zilizokuwa zimemwangusha maishani. Jibu lilikuwa lile lile.

Ndege ya Kapteni huhesabu kimo chake kuanzia lami ile. Droni haikuwa chini yake. Skrini ilisema kweli, na kipimo cha ndege kilisema kweli, na Mzee wa Redio aliandika kweli. Wote watatu walitaja kimo, na hakuna hata mmoja aliyesema kimo hicho kinaanza kuhesabiwa wapi.

Aliketi kwenye zege la tangi. Ushindi huwa na ladha fulani. Huu haukuwa nayo. Alimwandikia Bosi ujumbe mfupi: *Rubani alikuwa kwenye futi zake. Ushahidi ninao. Ripoti inakuja, haitakuwa uliyoitarajia.* Akaanza kuteremka, akishika majani.

*

Mlango ulikuwa wazi. Mpimaji alikuwa ameketi pale pale, kana kwamba hakuwa amehama tangu Mkaguzi aondoke. Dada aliacha kukanyaga cherehani.

Mkaguzi hakukaa. "Nina swali moja tu. Droni yako inapima kimo kuanzia wapi?"

"Kuanzia chini."

"Chini ipi?"

"Pale inaporukia." Alijibu haraka, jibu la mtihani. "Ikiwa kwenye mkeka inasoma sifuri, halafu..."

Hakuimaliza sentensi. Mkaguzi aliona maana ikimfikia. Haikuja kwa kishindo. Kijana aligeuza tu kichwa kidogo kuelekea dirishani, upande wa kilima, na midomo yake ikaanza kuhesabu.

"Ni hamsini na nane," alisema Mkaguzi. "Nimekipima."

"Mia moja na sita," alinong'ona Mpimaji.

"Nini mia moja na sita?" aliuliza Dada. "Mdogo wangu, ni nini?"

"Hatukuwa chini yake, dada. Tulikuwa mbele yake."

Mpimaji alijifunika uso, kisha akaufunua, kama mtu aliyeona hana haki ya kujificha.

"Nilidhani nadanganya kuhusu mahali tu," alisema. "Kibali kilisema uwanja wa mpira, nikaogopa watanifutia. Nikasema mahali hapana maana, mradi kimo ni sahihi. Kozini walitufundisha, mama. Siku ya pili. Niliandika hata kwenye daftari. Siku ile kilimani sikukumbuka kabisa. Niliona arobaini na nane, nikaridhika. Siku tisa hizi nimekuwa nikimchukia yule mzee. Kila usiku. Nilikuwa nasema, kwa nini alishuka?"

"Utatoa maelezo mapya," alisema Mkaguzi. "Yote. Mahali, muda, filimbi, kwa nini hukushusha. Leseni yako ya droni itachukuliwa wakati kamati ikiamua. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo."

"Na mimi uniandike," alisema Dada.

"Wewe ulikuwa mwangalizi tu."

"Ndiyo hivyo. Tulifika uwanjani, nikamwambia mimi hapa sioni, miti imejaa, itapita nyuma ya miti na mimi nitakuwa nimesimama kama mlingoti. Nikamwambia, tupande kule juu, kule tutaiona vizuri. Yeye alisema kibali kinasema hapa. Nikamwambia, karatasi yako inasema usiipoteze machoni, au hiyo umeiandikia ukuta? Ananificha. Tangu siku ya kwanza ananificha, na mimi nilidhani tunaficha jambo dogo. Mimi ndiye niliyesema tupande."

"Dada, acha."

"Sinyamazi. Andika, mama."

Mkaguzi alikaa, akaandika. Ilichukua karibu saa nzima. Mpimaji aliyasoma maelezo mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi, na mahali pamoja alirekebisha dakika, kutoka nne kuwa tano. Dada alitia sahihi kwa kalamu ya chaki ya kukatia nguo, ikabidi apewe nyingine.

Kisha Mkaguzi akapiga simu, akaiweka mezani, sauti juu, ili asirudie maneno mara mbili.

"Kapteni. Ni Mkaguzi. Ulikuwa kwenye futi mia tatu na hamsini."

Upande wa pili palisikika upepo, na bati la banda likigonga.

"Droni ilirushiwa kilimani," aliendelea. "Ilikuwa kwenye kimo chako. Hukushuka. Kesho kamati itasoma hivyo."

"Nimesikia," alisema Kapteni. Kisha akaongeza, "Asante, mwanangu." Sauti yake haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya mtu aliyeweka mzigo chini na bado mabega yanauma.

Dada aliinama juu ya simu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi ni... tulikuwa kilimani. Mimi na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyesema tupande." Alifuta pua kwa kipande cha kola alichokuwa nacho bado. "Tulikuona unakuja. Nilipiga filimbi. Tulidhani uko juu yetu."

Mpimaji alisogea karibu na meza. Simuni bati la banda liligonga tena.

"Msamaha msiniombe mimi," alisema Kapteni hatimaye. "Mimi nimepona. Nesi yuko wodi ya macho, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Wanaruhusu wageni saa kumi. Huwa anauliza ilikuwaje, na mimi sina cha kumwambia. Nendeni mumwambie nyinyi."

Akakata.

Ukutani saa ilisoma saa tisa na dakika ishirini. Dada alikuwa amekwishasimama, anatafuta ufunguo wa mlango kati ya mashati. Mpimaji alibaki ameketi, mikono magotini, amekodolea macho simu iliyozimika.

"Nitamwambia nini?" aliuliza.

"Anza na kilima," alisema Mkaguzi, akichukua mkoba wake. "Nitawapeleka. Gari liko hapo nje."